Ulimi wa Saba

Chengo wa vyuma chakavu alinipigia saa tatu usiku:
"Daktari" (ananiita daktari, na mimi
nachonga meno ya bandia pale Ganjoni, basi),
"kuna sanduku lako hapa Jomvu, zito kama deni.
Kukicha, nalitia nyundo."

Simu ya sarafu. Kijivu iliyowahi kuwa samawati,
mkonga umeng'olewa, waya unaning'inia kama utumbo wa kuku,
na penye tisa pana tundu.
Imefungwa juu, imefungwa chini.
Ufunguo? Chengo akacheka:
"Kuna mtu alistaafu nao."

Mwinyihaji, mume wangu, ameuliza mara ngapi
kwa nini sichukui msumeno,
huku akiondoa bisibisi kwenye sahani ya mahamri.
Jino lililoota vibaya hulipigi shoka.
Kufuli nayo ina ufizi.

Nikakaa nayo siku kumi na moja, baada ya isha,
sindano ya kuchokolea meno mkono wa kulia,
spoku ya baiskeli, imekunjwa, mkono wa kushoto,
sikio kwenye chuma kama mkunga.
Ndimi saba. Wa kwanza mwepesi, umezoea wageni.
Wa pili mkaidi. Wa tatu na wa nne huenda pamoja.
Wa tano ni chumvi tupu,
chumvi ya Mombasa hii, inayokula hata bawaba za kabati;
nikautonesha mafuta ya cherehani, nikauacha ulale.
Wa sita ulishuka Ijumaa.
Wa saba ulinirudisha mwanzo mara nne,
na mara ya nne nilitukana, Mungu anisamehe,
matusi ya makuli.

Sijasema kwa nini.

Simu hii ilisimama nje ya Posta, ya pili toka mlangoni.
Naijua kwa alama: mtu alikwaruza SOMOE kwa msumari,
na mwingine, sijui kwa wivu gani, akaifuta O moja.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na shilingi tano.
Nilimpigia kakangu Bwanaheri, Taveta,
nimwambie rudi, baba amelainika.
Nikasikia, "Halo? Halo? Nani?"
Kisha mlio. Kisha hata mlio haukuwapo.
Nikaipiga ngumi. Foleni ikaguna.
Alfajiri akavuka mpaka,
akarudi baada ya miaka kumi na miwili
na watoto wawili na lafudhi ya watu.
Sisemi ni simu iliyomfukuza.
Nasema ilikuwa na neno langu.

Usiku wa kumi na moja ulimi wa saba ukasema *tk*,
kama mzee anayekubali yaishe.
Kisanduku kikatoka kwa uzito wake:
sarafu mia mbili na sita, zimeshikana kwa kutu ya kijani,
kifungo cha shati,
vipande vya bati vilivyotobolewa, vina uzi bado (wajanja wale!),
na jino. Wallahi, jino la mtoto, la mbele.
Nani alijaribu kulipia simu kwa jino?

Nikazisugua kwa ndimu kwenye trei ya kazini.
Za tano, arobaini na tatu.
Nikazipanga nitafute yangu.
Nilidhani nitaijua.

Sasa ina mkonga. Ina ufunguo,
niliouchonga kwa nta kwanza, kama jino.
Tisa yake ni ya plastiki ya meno,
nyeupe kidogo kuizidi nane.
Nimevuta waya hadi chumbani, kwenye simu nyingine, nyeusi.

Jumapili Bwanaheri alikuja kula.
Ana sukari siku hizi, wali anakula nusu sahani.
Nikamwambia, kaa chumbani, ikilia pokea.
Nikatia tano, yoyote.
Nikaisikia ikishuka hadi chini.

"Halo? Halo? Nani?"

Mlango uko wazi. Naiona kandambili yake
ikitikisika kwenye ncha ya kidole.
Nilikuwa na sentensi nzima, nimeiweka miaka yote,
na baba ana miaka tisa udongoni.

"Ni mimi," nikasema. "Chai tayari."